Aliyegusa Hucheza

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, katika ukumbi wa parokia yetu hapa Mongbwalu, akina mama wawili wazee waliketi mezani kucheza sataranji mbele ya watu. Najua wako wasomaji watakaotabasamu. Mchezo huo, kama wamepata kuuona, wameuona kwa wanafunzi na kwa watu waliosoma mjini. Mama mzee wamezoea kumwona ameshika rozari, au mchi, au amebeba mjukuu mgongoni. Mimi pia nilitabasamu hapo mwanzo. Lakini kabla ya jua kuchwa siku ile nilikuwa nimetenda jambo ambalo mpaka leo linanichoma, ndiyo sababu naliandika.

Majina ya mama hao sitayataja, kwa kuwa hawakuniomba niwatie gazetini. Mmoja nitamwita Mama wa Kiwandani, kwa maana marehemu mume wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha dhahabu cha Kilo-Moto. Wa pili nitamwita Mama wa Sokoni, kwa maana ameuza mihogo na samaki wa chumvi katika soko letu tangu ujana wake. Yule wa kwanza alisoma kwa masista miaka minne, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Huyu wa pili hajui herufi hata moja, lakini hesabu ya deni lako anayo kichwani hata kama wewe mwenyewe umekwisha kuisahau. Wote wawili wamepita miaka 65.

Mimi sataranji nilifundishwa katika seminari ndogo, na padre mmoja mzee aliyetupa Kilatini asubuhi na mchezo huo jioni. Nilipotoka seminarini na kushika kazi ya ualimu, ubao ule uliendelea kunifuata moyoni. Hapa kwetu nilimwomba seremala anichongee wafalme, malkia, ngome, farasi na maaskofu. Askari wadogo hatukuwachonga. Tulitumia vifuniko vya chupa, vingine vimepakwa masizi na vingine vimeachwa vilivyo, kama wafanyavyo vijana wachezao dama mbele ya maduka. (Kipande kile kiendacho mshazari Waingereza humwita askofu, lakini Wafaransa humwita mwenda wazimu. Padre wetu alitufundisha kwa Kifaransa, na kila alipolifikia jina hilo alishikwa na kikohozi.)

Basi, kila Jumamosi alasiri wanafunzi walikuja ukumbini. Mama wa Kiwandani alikuwa akimsindikiza mjukuu wake wa kike, akaketi karibu na mlango akifuma kikapu na kumngoja. Sikumjali. Jumamosi ya nne au ya tano mjukuu alinyosha mkono kumla askari, na sauti ikatoka mlangoni: “Mjukuu wangu, farasi wako atalindwa na nani ukishatoka hapo?” Sote tukageuka. Hakuna aliyemfundisha mama yule. Alikuwa amejifunza kwa macho, vidole vikiwa katika kikapu.

Mama wa Sokoni alikuja kwa njia nyingine. Alikuja kwangu kunidai fedha za samaki. Akanikuta nimekwama katika mchezo na mwalimu mwenzangu, akaketi kunisubiri, akauliza huyu huendaje, na yule huendaje, na kwa nini mfalme ni mzembe hivi. Aliuliza mpaka taa zikawashwa, akaenda zake bila kutaja deni. Nikashukuru. Kesho yake, alfajiri, alikuwa mlangoni kwangu kulidai.

Kwa wale wasiojua, niseme machache. Ubao wa sataranji una vyumba 64, na kila mchezaji ana vipande 16. Wazee wa pwani wachezao bao hutumia kete 64 pia, lakini katika bao kete zote ni sawa, na katika sataranji kila kipande kina mwendo wake. Mfalme hutembea chumba kimoja kimoja kama mgonjwa, naye ndiye ambaye akikosa pa kukimbilia mchezo umekwisha. Mwenye nguvu kupita wote ni malkia. Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo ulipotoka Bara Hindi ukapita Uajemi na Uarabuni, kando ya mfalme alisimama waziri tu, mtu wa mwendo mfupi. Hata alipokwisha kuitwa malkia katika nchi za Ulaya, alibaki na hatua moja ya mshazari. Ni kuelekea mwisho wa karne ya 15, katika nchi ya Hispania, ndipo alipopewa ruhusa ya kwenda popote na mbali kadiri ya njia iliyo wazi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1515, nchini humohumo alizaliwa Mtakatifu Teresa wa Avila. Jambo hili wakristu wengi hawalijui: alijua sataranji. Alipowaandikia watawa wake kitabu cha Njia ya Ukamilifu, aliufananisha unyenyekevu na malkia wa ubaoni, ambaye ndiye humbana Mfalme mpaka ajitoe kwetu. Tena alijitania mwenyewe kwamba wamepewa mama anayejua hata upuuzi kama huo. Alipokiandika kitabu mara ya pili aliyaondoa maneno hayo, labda kwa haya, lakini nakala ya kwanza haikupotea. Mwanamke huyo ndiye Papa Paulo wa Sita aliyemtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, wa kwanza miongoni mwa wanawake. Wachezaji wengi wa sataranji humwita msimamizi wao. Sikukuu yake ni tarehe 15 Oktoba, na kwa sababu hiyo mashindano ya wanafunzi wetu huyafanya Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo.

Mwaka ule wanafunzi walisema: mwisho wa mashindano, bibi zetu nao wacheze. Manung'uniko hayakukosa. Mzee mmoja aliniuliza kama nimemaliza kuwaharibu watoto hata nahamia kwa wazee. Mwingine alisema sataranji ni ya vijana, akamtaja Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye filamu yake ya mwaka 2016 imeonyeshwa sehemu nyingi. Ni kweli, Mutesi alikuwa mtoto tu alipofika kwa mwalimu Robert Katende akitafuta kikombe cha uji, na mwaka 2012, huko Istanbul, alipata cheo kutoka kwa Shirikisho la Sataranji Duniani. Lakini sikumjibu mzee yule kwa Mutesi. Nilimjibu kwa mama mwingine, ambaye habari zake nilikuwa nimekwisha kuwasimulia wale wawili.

Huyo ni Nona Gaprindashvili, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji wa Zugdidi, nchi ya Georgia. Mwaka 1962 alimshinda Elisaveta Bykova akawa bingwa wa dunia wa wanawake, na taji hilo alilishika miaka 16, mpaka mwaka 1978 aliponyang'anywa na binti wa nchi yake, Maia Chiburdanidze, mwenye miaka 17. Mwaka huohuo wa kushindwa alipewa cheo cha Bingwa Mkuu, ambacho mwanamke hajapata kupewa kabla yake. Watu wengi wangefunga ubao kabatini na kuishi kwa kumbukumbu. Yeye aliendelea kucheza. Yako mashindano ya dunia ya wazee, na tangu mwaka 2014 liko kundi la pekee la waliotimiza miaka 65. Mwezi wa Novemba 2022, huko Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko, mama huyo alitwaa ubingwa wa wanawake wa kundi hilo. Alikuwa na miaka 81.

Lakini kabla ya Assisi lilimpata jambo. Mwaka 2020 kampuni ya Netflix ya Marekani ilionyesha mchezo wa kuigiza juu ya msichana wa sataranji, nao ukatamka kwamba Gaprindashvili hajapata kamwe kukabiliana na wanaume. Kumbe katika mwaka 1968, ambao mchezo ule unausimulia, alikuwa amekwisha kukabiliana na wanaume wasiopungua 59, na kumi miongoni mwao walikuwa mabingwa wakuu. Mwaka 2021, akiwa na miaka 80, aliishtaki kampuni hiyo mahakamani, na mwaka uliofuata wakapatana.

Nilipowasimulia hayo, Mama wa Kiwandani alitikisa kichwa tu. Mama wa Sokoni aliuliza swali moja: “Na hao wanaume aliocheza nao, walimwachia?”

Nikasema, “Hawakumwachia, Mama. Wengine aliwashinda, na wengine walimshinda.”

“Basi alikuwa na haki ya kukasirika,” akasema.

Maneno hayo ningeyaweka moyoni, yasingenipata yaliyonipata.

Sasa yanipasa kusema habari ya mji wetu, ijapokuwa wasomaji wa Ituri hawahitaji kuambiwa. Mongbwalu iko kilometa 80 hivi kutoka Bunia, upande wa kaskazini-magharibi. Dhahabu iligunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, na tangu hapo mtu akitaka kututawala hutazama ardhi kabla hajatutazama sisi. Mwezi wa Novemba 2002 kundi moja lenye silaha liliutwaa mji. Mwezi wa Machi 2003 kundi jingine likalinyang'anya. Mara ya kwanza walikimbia watu wa upande mmoja, mara ya pili wakakimbia wa upande wa pili, na kila mara waliobaki nyuma hawakuhesabiwa wote. Mama wa Kiwandani alikimbia Novemba. Mama wa Sokoni alikimbia Machi, usiku, na katika njia ileile alikuwako mama yangu, na nyuma ya mama yangu nilikuwako mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nimebeba sufuria kichwani. Siku ya tatu Mama wa Sokoni alitumegea mhogo wake. Hatukuwa ndugu zake.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa. Zawadi ilikuwa jogoo mmoja mwekundu, aliyefungwa miguu na kulazwa chini ya meza ya masista. Watu waliketi kwenye mabenchi, na hakuna aliyewapanga. Lakini niliposimama mbele kueleza sheria, niliona kwamba upande wa kushoto wameketi watu wa Novemba na upande wa kulia watu wa Machi. Nadhani wao wenyewe hawakuona. Mimi nilikuwa mwamuzi.

Sheria niliyoisisitiza kupita zote ni ile ambayo padre wetu hakutusamehe hata siku moja: aliyegusa hucheza. Ukishika kipande chako kwa nia ya kukichezesha, ni lazima ukichezeshe, hata ukitambua kwamba umekosea. Kama unataka kukiweka sawa tu katika chumba chake, useme kwanza, kabla ya kukigusa. Wanafunzi wangu wote wanaijua. Nimewaliza wengi kwa sheria hiyo.

Mama wa Sokoni alishika vyeupe. Alicheza kama auzavyo: upesi, kwa kelele kidogo, akigonga vifuniko mezani. Mama wa Kiwandani alicheza kama mtu afumaye. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyemzidi mwenzake zaidi ya askari mmoja. Kisha niliona jambo ambalo nafikiri wanafunzi wawili watatu nao waliliona. Malkia mweusi na askofu mweusi walikuwa wamejipanga katika mstari mmoja wa mshazari, mmoja nyuma ya mwenzake, wakielekea chumba kilicho ubavuni pa mfalme mweupe. Ndani ya chumba hicho alikuwamo askari wa kifuniko, na mlinzi wake wa kweli alikuwa farasi mmoja. Sasa farasi wa sataranji ana tabia ya ajabu. Akiruka tu, hawezi tena kulinda hata chumba kimoja katika vile alivyokuwa akivilinda kabla ya kuruka. Yeyote anayetaka ajaribu ubaoni. Ataona kwamba ndivyo.

Katikati ya ubao Mama wa Kiwandani alikuwa amemwacha askari bila mlinzi, karibu na farasi yule. Kwa kusahau, au kwa hila? Siku ile sikujua.

Mama wa Sokoni akamshika farasi. Akamwinua. Mkono ukasimama hewani, maana hapo ndipo macho yake yalipoufuata ule mstari wa mshazari mpaka mwisho, akaona. Hakuna aliyepiga chafya ukumbini. Akamrudisha farasi polepole katika chumba chake, lakini vidole hakuvitoa.

Watu wote wakanitazama mimi.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nayo nayajua tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Sikuyasema. Nilisema, “Mama alikuwa anamweka farasi sawa. Anaweza kucheza apendavyo.”

Wengine waliniambia baadaye kwamba nilimheshimu mzee, na kwamba mvi hazishikwi kwa sheria za watoto. Nilipenda kuwaamini. Lakini mama wa upande wa pili alikuwa na mvi pia, tena nyingi zaidi. Kama mkono uliokosea ungekuwa wake, nafikiri ningesema “aliyegusa hucheza” kwa sauti kubwa, na ningejisifu moyoni kwamba sipendelei. Ni mhogo wa mwaka 2003 uliosema kinywani mwangu, na ni benchi la kulia lililonisikiliza. Upande wa kushoto hawakupiga kelele. Walinyamaza kama watu walioona jambo wanalolijua.

Mama wa Kiwandani hakusema neno. Alitazama ubao.

Ndipo Mama wa Sokoni alipoinua uso. Nilidhani atanishukuru. “Mwalimu,” akasema, “mimi sikuwa ninamweka sawa. Nilimshika ili nimchezeshe.” Akaugeukia ukumbi mzima, kama amgeukiavyo mnunuzi mkaidi. “Miaka arobaini nauza samaki katika mji huu. Nani nimemuuzia aliyeoza nikasema ni mzima?”

Hakuna aliyejibu.

Akamshika farasi tena. Kwa kuwa ilimpasa kumwondoa, akamtupa katikati ya njia ya malkia, ili aliwe yeye na mfalme apate kupumua. Aliliwa. Baada ya hapo mchezo uliendelea nusu saa nyingine, na wanaojua walisema aliutetea vizuri sana. Lakini kukosa farasi ni kukosa farasi. Mwishowe mfalme mweupe hakuwa na chumba cha kukimbilia. Mama wa Sokoni akalala juu ya kiti kama mtu ashukaye mzigo, akamwambia mwenzake, “Yule askari wa katikati, ulimwacha kusudi?”

“Kusudi,” akajibu Mama wa Kiwandani.

“Mchawi wee!” akasema yule, na wakacheka wote wawili. Ukumbi ukapata ruhusa ya kucheka. Sitasema kwamba siku hiyo mabenchi yalichanganyika, hayakuchanganyika. Watu walitoka kama walivyoketi, kila upande na mlango wake.

Nilimfuata Mama wa Kiwandani nje, nikamkuta anamfungua jogoo kamba ili damu irudi miguuni. Nikasema, “Mama, nimekosa. Ulijua kwamba nimesema uongo. Kwa nini hukupinga?”

“Ningepinga nini, mwanangu? Wewe nilikujua tangu ulipofungua kinywa.” Alimsugua jogoo miguu. “Nilikuwa nangoja kumjua yeye.”

Jumatatu darasani niliwaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao alisema uongo katika sataranji, mbele ya watu. Hawakushangaa kama nilivyotumaini, walikuwako. Mvulana mmoja aliuliza kama machozi aliyoyatoa yeye mwaka uliopita, nilipomlazimisha kumchezesha malkia wake aliyemgusa, yanaweza kurudishwa. Niliwaacha wacheke. Lakini mjukuu wa Mama wa Kiwandani hakucheka. Aliinua mkono akaniuliza: “Mwalimu, kama bibi angekubali, ungeniambia mimi kwamba ni haki?” Nilitazama dirishani muda mrefu kupita inavyofaa kwa mwalimu.

Jumatano Mama wa Sokoni alipita shuleni na beseni lake kichwani. Alisema anataka mchezo wa pili, na mwenzake amekwisha kukubali. Jogoo yuleyule atawekwa tena mezani. Mama wa Kiwandani hakuwa amemchinja, kwa kuwa, alisema, alijua kwamba yule wa sokoni atarudi kumdai. Lipo sharti moja, nalo wamelipatana wote wawili.

“Sema, Mama.”

“Mwamuzi awe mtoto.”

Walimchagua msichana wa darasa la sita, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka mbali, juzijuzi tu. Alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akatangaza sheria kwa sauti nyembamba, na alipofika kwenye ile ya kugusa akaitamka mara mbili na kunitazama. Safari hii Mama wa Kiwandani alishika vyeupe. Mimi sikupewa kiti mbele. Niliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, nami nilikuwa nimepewa kazi ya kumshika jogoo.